Chandarua cha Dunguni

Ukifika Kibaoni, Ifakara, ukaulizia kwa fundi Balbina, na wewe utaulizwa: "Unakwenda kushonewa au kukaguliwa?" Cherehani yake iko kwenye baraza ya duka la Haidari, na nusu ya watu wanaokaa kwenye benchi lile hawana kitambaa chochote. Wameshika mfuko wa nailoni uliozungushiwa selotepu, umeshuka kwenye basi kutoka Dar, na wanaogopa kuufungua peke yao.

Mimi nakaa ng'ambo ya barabara, kwa hiyo nimeyaona mengi. Sina ugomvi na watu wanaonunua vitu kwa simu. Ugomvi wangu ni na wale wanaonunua kwa tamaa ya picha. Mtu anaona pazia jeupe kwenye nyumba ya vioo, roho inamdunda, anasahau kabisa kwamba yeye anakaa Lipangalala, ambako kiangazi vumbi linaingia mpaka kwenye kopo la chumvi. Haidari mwenyewe, mtoto wa wafanyabiashara wa Bagamoyo, mtu aliyekulia juu ya magunia, aliletewa taa ya sola yenye paneli tatu. Balbina aliigeuza, akapitisha ukucha, na paneli mbili zikabanduka. Zilikuwa karatasi iliyopakwa rangi. Tulicheka mpaka Mboni, mke wa Haidari, akachungulia kutoka ndani kutuuliza tumekula nini.

Kazi hii Balbina hakufundishwa na mtu. Fundi cherehani kazoea kuanza na upande wa ndani, kwa sababu huko ndiko mshonaji mvivu anakoficha uvivu wake. Basi hata kabla hela haijatumwa, yeye humwambia muuzaji wa Kariakoo akigeuze kitu na kukipiga picha kwa ndani. Muuzaji akianza kuzungusha maneno, biashara imeishia hapo. Mzigo ukifika anaunusa, anavuta mshono, anasugua rangi kwa kitambaa kilicholowa. Halafu ndipo anauliza kitu chenyewe kitatumika wapi. Niliwahi kumsikia akimwambia Jihan, binti wa duka la vyombo, aliyekuja na viatu vya kupendeza kweli kweli: "Viatu vizuri hivi, mdogo wangu. Vizuri sana kwa mtu wa Dodoma." Masika ilikuwa inaanza. Jihan aliondoka amenuna, na mvua ya wiki ile ikamrudisha barazani akiwa ameshika soli mkononi.

Kati ya watu wote aliowahi kuwachagulia vitu, mmoja tu hakuwahi kumletea lawama, naye ni mama yake mzazi, Bibi Oliva.

Bibi Oliva ni mtu wa upande wa Mahenge aliyeolewa bondeni. Yeye na marehemu mumewe, mzee Kelestini, walifyeka shamba lao la mpunga huko Idete wakiwa vijana, na tangu mzee afariki analilima yeye, kwa vibarua na kwa ukaidi. Kila kitu alichonunuliwa na Balbina, kwake kilifaa. Sandali zinafaa. Chupa ya chai inafaa, sweta nalo linafaa sana. Sandali zile nilizikuta mwenyewe zimetundikwa ukutani jirani na picha ya Moyo Mtakatifu, hazijawahi kukanyaga udongo. Ndivyo walivyolelewa watu wa umri wake: mtoto akikuletea kitu, unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, na kasoro unaimeza. Balbina aliijua tabia hiyo kwa wazee wengine. Ila alifikiri kwake haina kazi, maana vitu vyake yeye vilikuwa vimekaguliwa.

Shida ilikuwa malaria. Mpunga ukianza kutoa masuke, watu wa bondeni huhamia mashambani. Wanalala dunguni, kibanda cha fito kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili waamie ndege mchana na kufukuza nguruwe pori usiku. Mbu wa huko siwaelezi. Aliyewahi kulala kule anawajua, na asiyelala hataniamini. Msimu wa juzi Bibi Oliva aliugua. Msimu uliofuata akaugua tena mpaka akaongezewa damu, na daktari akamwambia Balbina waziwazi kwamba umri ule hauwezi kubeba mambo hayo kila mwaka. Fridolin, kaka yake mkubwa aliyeko Morogoro, akapiga simu: mama atoke shambani, shamba likodishwe. Balbina naye alitaka hivyohivyo. Alikuwa na chumba kitupu uani, na kila masika ilipoingia alikuwa analala na simu kifuani kwa kumhofia mama yake.

Bibi Oliva akakataa. "Mchele wa kununua hauna harufu," alisema pale barazani, "na mimi sijazoea kula kwa mkono wa mtu, hata awe mtoto wangu."

Wakavutana, sauti zikapanda, Haidari akapunguza redio ili asipitwe. Mwisho Bibi Oliva akatoa neno lake mbele yetu sote. "Nitafutieni namna ya kulala salama. Nikiugua tena msimu huu, nakuja kukaa hapa kwa Balbina na sitabisha. Nisipougua, mniache na shamba langu mpaka nichoke mwenyewe."

Fridolin akaridhia kwenye simu. Kuanzia hapo shamba la mama yao lilikuwa mikononi mwa chandarua.

Vyandarua vya kawaida alikuwa navyo, vile vya duara vya kuning'iniza. Lakini paa la dungu liko chini, hakuna pa kufungia kamba, na kitambaa kikigusa fito kinachanika usiku uleule. Balbina akaingia kwenye simu. Aliwasumbua wauzaji mpaka mmoja akamwuliza kama anaolewa na chandarua. Alichokipata hatimaye kilikuwa kile cha kujisimamia chenyewe: kinakunjwa kama sinia, ukikiachia kinafunguka na kusimama kama kibanda, kina sakafu yake ya kitambaa na mlango wa zipu.

Kilipofika tulikusanyika wengi kuliko siku ya taa ya Haidari. Balbina alikiangalia dhidi ya jua, tundu kwa tundu. Alijaribu kupitisha kichwa cha pini, kikagoma. Alivuta mishono, akalowanisha kona moja na kuiacha ikauke, akafungua na kufunga zipu mpaka mkono ukamuuma. Kisha akakitandaza barazani na kumwamuru Haidari alale ndani. Haidari akaingia na kofia yake, akafungiwa zipu, akatutazama kupitia matundu.

"Najiona dagaa," alisema.

"Mbu wameingia?" Balbina akamwuliza.

"Hata hewa imeomba ruhusa, fundi."

Bibi Oliva alisimama pembeni ameshika shavu, anacheka taratibu. Balbina alipomwuliza, "Mama, kinafaa?" alijibu palepale, "Kinafaa, mwanangu. Kinafaa sana." Akakifunga kwenye kanga, akapanda bodaboda, akaenda zake Idete.

Wiki za mwanzo Balbina alipiga simu karibu kila asubuhi, na jibu lilikuwa lilelile. Kinafaa. Akaanza kutembea kifua mbele. Watu wawili watatu wakamwagiza vyandarua vya namna ileile kwa ajili ya watoto wao wachanga, na vilifaa kweli, sina la kusema.

Halafu akaja Anselim. Huyu ni jirani wa shamba, dungu lake linaonana na la Bibi Oliva. Alimleta bibi kwenye bodaboda, amemkalisha katikati yake na dereva ili asianguke, na nyuma wamefunga sufuria, blanketi, chandarua na debe bovu ambalo bibi huligonga kufukuza nguruwe. Zahanati ya kule walikuwa wameshampima na kumwanzishia dawa mseto. Ilikuwa malaria.

"Nimekuja na vyote," Bibi Oliva alisema, midomo imemkauka. "Nilitoa neno langu."

Aliuguzwa, akapona. Safari hii walimwahi, haikufika kwenye damu. Anselim akawa anaangalia mashamba yote mawili kwa muda, na Fridolin akaanza kutafuta mtu wa kukodi. Na nitasema lililo kweli: Balbina alifurahi. Alimpikia mama yake ndizi, akamtandikia kitanda kipya, akamwekea kiti kivulini nyuma ya duka. Usiku simu ikakaa mezani. Tangu nimfahamu sikuwahi kumwona na uso uliotulia namna ile.

Bibi Oliva ndiye hakuwa yeye. Alikaa kwenye kile kiti na ungo mapajani akichambua mchele wa dukani, mchele ambao ulikuwa umechambuliwa tayari. Mtu akimwamkia, "Shikamoo bibi," anaitikia, "Marahaba," na mazungumzo yanaishia hapo. Kila ndege wakitua kwenye ukuta wa uani, mkono wake ulinyanyuka wenyewe kuwafukuza. Haidari aliyaona hayo akanong'ona kwamba roho inamuuma. Hata mimi iliniuma, lakini neno ni neno, na yeye ndiye aliyelitoa.

Siku moja Balbina akaamua kukifua kile chandarua akiweke. Alikitandaza uani, akakifungua. Kilinuka moshi, jambo la kawaida, maana chini ya dungu huwa wanawasha moto usiku. Akashika kichwa cha zipu akivute, kikagoma. Akainama. Meno ya zipu yalikuwa meusi kwa masizi, upande huu na upande ule, mpaka ndani kabisa kwenye vijibonde ambako jino na jino hukutana.

Mtu mwingine angeona uchafu. Balbina ameshatoa zipu chakavu kwenye sketi za mji mzima, akajua anachokitazama. Zipu iliyofungwa usiku haipati moshi katikati ya meno yake. Ile ilikuwa imekaa wazi wiki zote zile.

Alinisimulia baadaye kwamba alikaa pale uani chandarua kikiwa magotini, na jambo la kwanza lililomjia lilikuwa kukifua haraka. Hakuna mwingine aliyejua. Mama alikuwa ndani, mzima, ameshiba. Fridolin karibu anapata mkodishaji. Ilikuwa ni kutia sabuni tu, masizi yaende na maji. "Nilishaitumbukiza na zipu yenyewe kwenye beseni," aliniambia, na machozi yalimlengalenga alipoyasema hayo.

Akaitoa kwenye maji. Akaenda nayo hivyohivyo, inachuruzika, mpaka kwenye kiti cha mama yake.

"Mama, hukuwa unafunga zipu."

Bibi Oliva akaendelea kuchambua mchele.

"Mama."

"Siku ya kwanza nilifunga," bibi akasema. "Nguruwe wakaja. Nawasikia wanatafuna, mimi natafuta kile kidude gizani sikipati. Nimekipata, nimekivuta, kimeng'ata kitambaa. Mpaka nimetoka, kona nzima ya baba yako imelimwa." Kona ile ndiyo ya kwanza waliyoifyeka na mumewe, mpaka leo huiita kona ya baba yenu. "Nguruwe hangoji zipu, mwanangu. Mlinzi wa mpunga analala mguu mmoja umeshatoka."

"Na mbu?"

"Mbu waliingia wote, wakakosa pa kutokea. Tukawa tunalala nao humohumo."

Balbina akakaa chini kwenye saruji. "Sasa kwa nini hukuniambia? Kila siku nakuuliza. Kila siku unasema kinafaa!"

"Ulihangaika sana kukitafuta," Bibi Oliva akasema. "Ulimlaza mpaka Haidari. Ningesemaje?"

Hapo Balbina akalia. Hakulia kwa kificho. Tulimsikia mpaka dukani. Alikuwa amekagua kitambaa, uzi, matundu, kila kitu ambacho fundi anaweza kukagua. Viatu vya Jihan alivipima kwa tope la Ifakara. Chandarua cha mama yake mwenyewe alikipima kwa Haidari, mtu ambaye akilala haamki mpaka amwagiwe maji, na hakuwahi kumwambia mama, "Hebu ingia wewe, nionyeshe unavyoamka." Na huyo mama alikuwa amesimama pale pale, ameshika shavu.

Jioni ile alimpigia Fridolin mbele ya mama. Kaka mtu akafoka kwamba makubaliano ni makubaliano. "Ameugua, hajaugua?"

"Ameugua," Balbina akajibu. "Lakini aliahidi kulijaribu jambo akiwa na pa kulala salama, na mimi sikumpa. Nilimpa mtego. Siwezi kumchukulia mama shamba lake kwa kosa langu, kaka. Mpunga bado uko shambani. Anarudi."

Fridolin akakata simu. Alinuna mpaka mavuno, na kwa tabia yake hiyo ni muda mfupi.

Asubuhi Balbina akaweka kando nguo za wateja wote. Aliifumua zipu ikatoka nzima. Mahali pake akashona pande mbili pana za wavu zinazopitana, mmoja juu ya mwingine, kiasi kwamba zikiachiwa hakuna upenyo. Chini yake akashona pindo nene mfano wa soksi ndefu, akalijaza mchanga wa mto uliooshwa ili lijivute lenyewe. Mtu anasukuma kwa bega, anatoka. Pindo linarudi mahali pake bila kuguswa. Kitambaa cha kuongezea alikikata upande wa miguuni.

Safari hii hakumlaza Haidari. Alitandika jamvi uani, akamwambia mama yake aingie, alale kama anavyolala kule, debe ubavuni. Akamtaka Haidari azunguke nyuma ya ukuta awe nguruwe.

"Mimi?" Haidari akashtuka. "Dada Balbina, heshima yako ni kubwa, lakini nguruwe siwi, hata kwa mchezo. Mboni akisikia leo nalala nje."

"Basi kuwa kiboko. Nao wanakula mpunga."

"Kiboko sawa," akasema, akavua kofia yake kwa adabu na kuipachika kwenye msumari.

Sijui Haidari alimsikia wapi kiboko, ila alinguruma vizuri mno. Pindo likapaa, Bibi Oliva akatoka bega mbele, kanga imemvuka, debe linagongwa, sauti yake inasikika mpaka kituo cha bodaboda: "Toka! Toka hapa! Toka!" Akamfukuza Haidari mpaka dukani kwake. Nyuma yake pindo lilikuwa limeshatulia, wavu umejifunga. Akarudi anahema na kucheka, na uso aliokuja nao kutoka kwao Mahenge ujanani nadhani ulikuwa ndio ule. Balbina alimtazama kwa furaha na kwa huzuni pia, maana alijua chumba cha uani kinabaki kitupu.

"Tena," Balbina akasema. "Ingia tena, mama. Nionyeshe." Wakarudia mpaka Haidari akakauka sauti.

Bibi aliondoka keshoye. Sasa kwenye ile baraza, mtu akileta mzigo wake, Balbina haangalii selotepu kwanza. Anauliza, "Atakitumia nani?" na ukisema ni cha bibi yako au cha mtoto wako, anakwambia umlete. Wengine wanakasirika. Wakasirike tu.

Baada ya siku kadhaa simu yake iliita tukiwa tumekaa pale. Mikono yake ilikuwa chini ya sindano, akaweka sauti ya nje.

"Shikamoo mama. Umeamkaje?"

"Marahaba. Nimeamka vizuri."

"Nguruwe je?"

"Walikuja juzi. Nilitoka kabla hawajavuka tuta. Anselim mwenyewe alishangaa."

"Na mbu?"

"Hawaingii."

Balbina akasimamisha cherehani. "Kwa hiyo mama, kinafaa?"

Tulisikia ndege wa Idete wakipiga kelele, na bibi akiwapigia debe mara moja. Balbina alikuwa ameshayafumba macho, anasubiri lile jibu analolijua.

"Hakifai," Bibi Oliva akasema.

Haidari akazima redio.

"Upande wa miguuni umekikata sana," bibi akaendelea, "nikinyoosha miguu nyayo zinagusa wavu, mbu wananiuma wakiwa nje. Na mchanga wako unavuja, leo nimeamka nao sikioni. Na zile sandali, kwa kuwa tunaongea, zinanibana tangu siku uliyoniletea."

Balbina alicheka huku machozi yanamshuka, hakuyafuta. Akavuta kiti karibu na simu.

"Niambie vyote, mama," akasema. "Kimoja kimoja."

Bibi Oliva akaanza na chupa ya chai.